Kabla Hamjamketisha Mgeni: Maneno kwa Watayarishaji Wapya wa Mazungumzo ya Uchumi

Juma lililopita nilikuwa nyuma ya kioo cha studio nikimsikiliza mmoja wenu akimkaribisha mtaalamu wa uchumi wa utalii. Mwenzenu huyo alieleza kwamba idadi ya watalii wanaoingia Tanzania iliongezeka kwa asilimia 48.6 mwaka 2021, kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi, kwamba sekta hiyo ilikuwa imelimaliza janga ndani ya mwaka mmoja. Mgeni alitabasamu kwa adabu na kutumia robo ya muda wake kulirekebisha swali kabla ya kulijibu. Namfahamu mama huyo. Alitoka Mlimani akakaa kwenye foleni ya Mwenge kwa ajili yetu, halafu tukampa kazi ya kusahihisha daftari.

Wadogo zangu, nawapenda, na ndiyo maana nawaandikia badala ya kuwasema kwenye kikao cha Jumatatu. Mfululizo huu wa kurudi kwenye miaka ya UVIKO-19 na kuwauliza wachumi, madalali wa soko la hisa na madaktari nini hasa kilitokea bado una safari ndefu, na makosa ninayoyasikia ni yaleyale yaliyofanywa na sisi tuliotangulia, isipokuwa ninyi mnayafanya kwa vifaa vizuri zaidi.

1. Tafuteni mwaka wa kulinganisha kabla ya kuishangilia asilimia.

Ile 48.6 ni sahihi. Watalii walioingia mwaka 2020 walikuwa 620,867 na mwaka uliofuata wakafika 922,692. Hata hivyo, mwaka 2019, kabla ya viwanja vya ndege vya dunia kufungwa, walikuwa 1,527,230, maana yake ni kwamba baada ya mruko wote huo bado tulikuwa chini kwa karibu asilimia 40. Idadi ya mwaka 2019 haikupitwa hadi mwaka 2023, walipoingia watalii 1,808,205. Mwenzenu alijitetea kwamba namba yake ilitoka kwenye taarifa rasmi, na ni kweli ilitoka huko, ila aliichukua kutoka aya ya kwanza, na jedwali lilikuwa ukurasa wa pili.

Mtego huohuo uko kwenye masoko. Kipimo cha S&P 500, cha hisa za kampuni kubwa za Marekani, kilishuka kwa takriban asilimia 34 kati ya tarehe 19 Februari na 23 Machi 2020. Kinachoshuka kwa asilimia 34 kinahitaji kupanda kwa zaidi ya asilimia 50 ili kirudi kilipokuwa, na ninawaomba mfanye hesabu hiyo kwa kalamu walau mara moja, kwa sababu nimeona hata watu wenye shahada wakiikataa kwa macho makavu.

2. Andikeni tarehe ya kurekodi juu ya kila faili, na mtangazaji aitaje hewani.

Mazungumzo yaliyorekodiwa Ijumaa tarehe 13 Machi 2020 yalikuwa yamechacha ifikapo Jumatatu: Jumapili Benki Kuu ya Marekani ilikuwa imeshusha riba yake hadi kati ya sifuri na asilimia 0.25, na Jumatatu yenyewe mgonjwa wa kwanza wa Tanzania akatangazwa, kule Arusha.

3. Mgeni akianza kueleza namba ni ya nini, nyamazeni.

Hapa sina budi kujianika, kwa kuwa mkiambiwa tu "msimkatize mgeni" mtaitikia kwa kichwa na kwenda kumkatiza.

Jumatatu tarehe 20 Aprili 2020, yapata saa tatu na nusu usiku kwa saa zetu, bei ya mafuta ghafi ya Marekani ilifunga ikiwa dola 37.63 chini ya sifuri kwa pipa. Sikulala. Kesho yake asubuhi nilikuwa na mazungumzo na mchumi mzee, mwalimu wa walimu, ambaye tulikuwa tumemwalika azungumzie mambo tofauti kabisa, yaani bajeti ya serikali na makusanyo ya forodha. Niliifuta orodha ya maswali yote niliyokuwa nimeyaandaa. Nilitunga tangazo la kuvutia wasikilizaji likauliza ni lini vituo vya mafuta vya Dar es Salaam vitaanza kuwalipa wenye magari, na nikaamuru lirushwe tangu alfajiri, kila baada ya taarifa ya habari, kabla mgeni mwenyewe hajaamka.

Profesa alifika, nikamwamkia, nikamketisha, na kabla hajavuta kiti vizuri nikamtupia swali langu. Akaanza taratibu, kama kawaida yake: "Kwanza tuelewane, bei unayoitaja ni ya mkataba wa Mei..." Nikamkatiza. Nilimwambia kwamba msikilizaji hahitaji mambo ya mikataba, anataka kujua atalipa shilingi ngapi. Akarudi tena kwa upole, akasema mkataba huo ulikuwa unakwisha siku ileile tunayozungumza. Nikamkatiza mara ya pili, safari hii kwa mzaha juu ya ndoo na madumu, na fundi mitambo akacheka, nami nikachukua kicheko chake kuwa ushahidi kwamba kipindi kinakwenda vizuri. Profesa hakuvutana nami. Alijibu kila nilichouliza kwa sentensi fupi fupi mpaka muda ukaisha, akashukuru, akaondoka.

Nilipokuja kuisikiliza kanda ile peke yangu, nilitambua kwamba maelezo yote niliyoyatafuta usiku kucha yalikuwa kwenye ncha ya ulimi wa mzee yule, na kwamba mimi ndiye niliyeyazuia yasitoke. Mkataba wa Mei ulimtaka atakayeushikilia hadi mwisho apokee mafuta yenyewe, mapipa halisi, katika mji wa Cushing, jimbo la Oklahoma. Janga lilikuwa limesimamisha magari na ndege, matangi ya Cushing yalikuwa yamejaa au yamekwisha kukodishwa, na wafanyabiashara wanaonunua na kuuza mikataba kwenye karatasi tu, wasio na hata debe la kuhifadhia, walijikuta wakimlipa yeyote atakayekubali kuwapokea mzigo huo. Mkataba wa Juni wa mafuta hayohayo ulifunga siku ileile ukiwa juu ya dola 20. Mafuta ya Brent, ambayo ndiyo kipimo kinachotazamwa zaidi nje ya Marekani, yalikuwa karibu dola 25.

Sisi hapa hatuagizi mafuta ghafi ya Oklahoma. Tunaagiza mafuta yaliyokwisha kusafishwa, kwa mfumo wa uagizaji wa pamoja, yanashushwa bandarini, na bei kikomo hutangazwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kila mwezi kwa kuzingatia bei za shehena za nyuma, thamani ya shilingi, gharama za usafirishaji, pamoja na kodi na tozo ambazo haziyeyuki eti kwa sababu mtu wa New York amekosa tangi. Bei ya pampu ilikuwa na sababu ya kushuka, na Profesa angeweza kueleza ingeshuka kwa njia ipi na baada ya muda gani. Hayo ndiyo mazungumzo ambayo wasikilizaji wetu walistahili kuyapata.

Badala yake walipata tangazo langu. Siku chache baada ya hapo nilipigiwa simu na mzee mmoja wa Mbagala mwenye daladala mbili, ambazo siku zile zilikuwa zikibeba abiria waliokaa tu. Alikuwa ameahirisha kujaza mafuta kwa siku kadhaa akisubiri, na aliniuliza bila kejeli yoyote: "Mwanangu, ile bei ya chini ya sifuri itafika lini huku kwetu?" Nilimweleza nilichoweza. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba angefurahi kama ningemweleza hivyo siku ileile, redioni. Profesa nilimwomba radhi kwa simu na akanisamehe mara moja, jambo lililoniuma kuliko kama angenifokea. Baadaye alikubali kurudi, akaja na karatasi moja aliyoiandika kwa mkono yenye kichwa "Mambo ambayo nitaomba niyamalize."

Tangu siku hiyo sitangazi swali hewani kabla sijalijadili na mgeni kwa simu. Ninyi mna programu za kutuma ujumbe za kila aina na bado hampigi simu.

4. Wataalamu wawili wakitaja namba mbili, msiwagombanishe kabla ya kuuliza kila mmoja amechota kisima gani.

Hili mmelifanya mwezi huu. Mmoja alisema Pato la Taifa la Tanzania lilikua kwa asilimia 4.8 mwaka 2020, mwenzake akasema asilimia 2.0, na mtangazaji akauliza, "Sasa nani mkweli?" kana kwamba tuko kwenye baraza la kata. Wote wawili walinukuu sawasawa: 4.8 ni ya serikali na 2.0 ni makadirio ya Benki ya Dunia. Tena hata mahali pa kuanzia palitofautiana, kwa kuwa ukuaji wa mwaka 2019 ulikuwa asilimia 7.0 kwa hesabu za serikali na 5.8 kwa hesabu za Benki ya Dunia. Swali zuri lilikuwa kwa nini vipimo viwili vinavyotofautiana kwa ukubwa vinakubaliana juu ya mwelekeo, na sekta gani zilibeba uchumi wakati hoteli za Arusha na Zanzibar zilikuwa tupu. Hapo mgeni angewaambia habari ya dhahabu, ambayo bei yake ilivuka dola 2,000 kwa wakia Agosti 2020, na mazungumzo yangekuwa na nyama.

Na tafadhali, acheni kutumia tangazo la tarehe 1 Julai 2020 la Tanzania kuingia kipato cha kati cha chini kama ushahidi wa jinsi uchumi ulivyolihimili janga. Benki ya Dunia ilitumia pato la mwaka 2019, dola 1,080 kwa mtu, dhidi ya kizingiti cha dola 1,036. Virusi havikuwemo katika hesabu ile.

5. Mchumi aulizwe uchumi, daktari aulizwe ugonjwa, na ninyi mjue namba ipi ilisimama.

Takwimu za wagonjwa wa Tanzania zilisimama mwanzoni mwa Mei 2020, na idadi ya 509 ikabaki kwenye majedwali ya dunia kwa zaidi ya mwaka, ilhali za Kenya na Uganda zikiendelea kusogea. Nimewasikia wageni wenye vyeo vikubwa wakilinganisha mistari hiyo kana kwamba yote ilikuwa hai, na mtangazaji akitikisa kichwa kukubali. Hamhitaji shahada ya afya ya jamii kuuliza takwimu hiyo ilisasishwa lini. Mchumi akianza kutabiri mawimbi ya maambukizi, mrudisheni kwa heshima kwenye ajira, mikopo na bidhaa za Kariakoo zilizokwama China, mahali ambapo anajua kuliko sisi sote.

6. Hatifungani, yaani hati za mkopo wa serikali: bei na riba ya soko huenda kinyume.

Serikali iliposhusha kuponi, yaani riba ya kila mwaka, za hatifungani mpya za miaka 20 kutoka asilimia 15.49 hadi 12.10 mwaka 2022, mmoja wenu aliandaa swali la kumuuliza dalali wenye hatifungani za zamani wamepata hasara kiasi gani. Wenye hatifungani za zamani walikuwa wakichekelea, mdogo wangu, kwa sababu karatasi yao ya 15.49 ilikuwa sasa inatamaniwa na kila mtu. Nashukuru swali hilo nililiona kwenye rasimu. Wala msihamishe tabia za New York kwenda Soko la Hisa la Dar es Salaam, ambako kampuni ni chache, biashara ya siku nyingine hutegemea mnunuzi mkubwa mmoja au wawili, na hisa za benki, bia na saruji haziamki kwa sababu kampuni za teknolojia za California zimeamka.

7. Mengineyo kwa haraka.

Maji ya kunywa yawepo mezani. Cheo cha mgeni kiulizwe, kisikisiwe. Simu zizimwe, na ya mtangazaji ianze.

Mazungumzo yajayo ni ya hatua za Benki Kuu ya Tanzania za Mei 2020, na rasimu niliyoletewa ina maswali sita, yote kuhusu riba ya kukopesha mabenki kushushwa kutoka asilimia 7 hadi 5 na akiba ya lazima ya mabenki kutoka asilimia 7 hadi 6. Punguzeni yawe mawili. Katika tangazo hilohilo, kikomo cha miamala ya simu kwa siku kilipandishwa kutoka shilingi milioni 3 hadi milioni 5, na kiasi ambacho mteja anaweza kubaki nacho kwenye simu kutoka milioni 5 hadi milioni 10. Hakuna aliyekiandika. Mpigieni mgeni kesho asubuhi, mwulizeni kama ana lolote la kusema juu ya hatua hiyo na mfanyabiashara wa jumla wa Kariakoo aliyekuwa akiogopa kushika noti, kisha mniletee rasimu upya kabla ya saa nane.