Uzito, Tungamo na Hiyo "Maalumu" Yenu

Swali: Nimesoma kwenye makala ya sayansi kwamba "uzito wa elektroni hupimwa kwa kifaa maalumu." Binti yangu wa Kidato cha Tatu anasema si uzito, ni tungamo. Nani yuko sahihi? – Msomaji, Kasarani, Nairobi

Jibu: Binti. Tungamo ni kiasi cha maada iliyomo katika kitu. Uzito ni nguvu inayokivuta kitu hicho chini. Mwezini uzito wako ungeshuka hadi kama sehemu moja kwa sita, tungamo lisipungue hata chembe. Neno limetoka kwenye kutungama, kama damu inavyotungama. Pale soko la Burma kwa muuza nyama endelea kusema uzito, hakuna atakayekunyima nusu kilo yako.

Basi hilo limekwisha. Ila mzee mwenzangu, umeona unyasi ukaliacha gogo! Hiyo "kifaa maalumu" ulipitaje juu yake bila kujikwaa?

Siku hizi mwandishi akishindwa kueleza kitu, hukiita maalumu. Mtambo maalumu, dawa maalumu, kikosi maalumu, mafuta maalumu. Na neno lenyewe ni la Kiarabu, maana yake "kinachojulikana", ukoo mmoja na elimu na mwalimu! Leo ndilo pazia la wasiojua.

Hebu tukifungue hicho kifaa. Mwaka 1897, kule Cambridge, Uingereza, mwanafizikia J. J. Thomson alichukua bomba la kioo lililonyonywa hewa karibu yote, akapitisha umeme ndani yake, ukatoka mwale wa elektroni, vile vichembe vya atomu vyenye umeme hasi. Akaupinda kwa umeme, akaupinda kwa sumaku, akitazama doa la mwanga likihama kwenye ncha ya bomba. Chembe yenye tungamo kubwa ni ngumu kupinda. Yenye chaji kubwa, yaani iliyobeba umeme mwingi, hupinda upesi. Kwa hiyo mpindo ule ulimpa uwiano wa chaji na tungamo, basi. Chaji yenyewe ilipimwa baadaye na Robert Millikan, Marekani, kwa vitone vya mafuta alivyovining'iniza hewani kati ya bamba mbili zenye umeme. Gawanya chaji kwa uwiano wa Thomson, tungamo hilo hapo: kilo sufuri nukta, sufuri 30 zikufuate, ndipo uandike 91. Protoni, chembe ya kwenye kiini cha atomu, inaizidi elektroni kwa tungamo takriban mara 1836.

Bomba, sumaku, vitone vya mafuta. Lipi hapo limekosa Kiswahili? "Bomba la kioo na sumaku" lingeenea palepale, na msomaji angeondoka na kitu.

"Elimu maalumu" naiacha, imeshakaa na ina kazi yake. "Kamati maalumu" ya Bunge nayo ipite, angalau huundwa ikiwa imeandikiwa itachunguza nini. Zilizobaki nazipiga wino mwekundu. Na ninyi wa magazetini mnaoandika "maalum" bila u ya mwisho, leo sina nguvu zenu.