Kadi ilibadili jina, nikavuka bahari kuifuata

Juma lililopita kijana mmoja wa Wete aliniandikia: kapandisha Debian (mfumo endeshi wa Linux) ya seva ya kazini kwake kwenda toleo jipya, kaiwasha upya, na tangu hapo haipatikani. Moyo ulinipasuka, maana mimi yalinikuta hayo hayo.

Nilikuwa naangalia seva ya skuli moja Chake Chake, nami nipo Unguja. Kazi yote naifanya kwa SSH, yaani naingia kwenye seva kutoka mbali, usiku, wanafunzi wameshaondoka. Ilikuwa Debian 9 iliyopandishwa kutoka 8, ina kadi mbili za mtandao: eth0 ya intaneti na eth1 ya maabara ya kompyuta. Nikaipandisha kwenda 10, kosa halikutokea hata moja, nikaandika reboot, amri ya kuwasha upya. Dakika tano. Kumi. Nusu saa napiga ping nione kama itajibu, kimya.

Asubuhi mwalimu mkuu akanipigia simu. Hakugomba. Alisema tu, "Mwanangu, watoto wana mtihani wa vitendo kesho kutwa." Maneno yale ninayo mpaka leo.

Nikapanda boti Malindi hadi Mkoani kwa nauli yangu mwenyewe, kisha gari ya abiria hadi Chake. Nikachomeka skrini na kibodi, nikaandika ip link, amri ya kuonesha kadi za mtandao. Seva ilikuwa nzima kabisa! Ila kadi zilikuwa zinaitwa enp2s0 na enp3s0, zote DOWN, yaani hazijawashwa, na faili la mipangilio ya kadi, /etc/network/interfaces, bado linasema "auto eth0". Linamwita mtu ambaye hayupo.

Majina haya mapya yaliletwa na systemd, programu inayoanzisha huduma za Linux, toleo la 197, mwaka 2013. Zamani keneli, kiini cha Linux, ilizipa kadi majina kwa zamu, kadi inayoonekana mwanzo ndiyo eth0, kwa hiyo siku moja kadi mbili zingeweza kubadilishana majina. Sasa jina linafuata mahali kadi ilipokaa: en ni ya waya, p2 ni namba ya basi ya PCI (njia inayounganisha kadi na kompyuta), s0 ni sloti. Seva yangu ilibaki na majina ya kale kwa faili la 70-persistent-net.rules, na maelezo ya toleo la 10 yalionya wazi kwamba njia hiyo haitegemewi tena. Sikuyasoma.

Nikarekebisha interfaces, intaneti ikarudi, lakini maabara bado. DHCP, huduma inayogawa anwani za mtandao, ilikuwa inasubiri eth1, na sheria za iptables, ukuta wa moto wa seva, vilevile. Hapo ndipo jasho lilinitoka, mwalimu kasimama mlangoni.

Watoto walifanya mtihani wao. Mwisho wa muhula skuli ikachukua fundi mwengine. Iliniuma, na bado inauma.

Basi wewe unayetaka kuaminiwa seva za watu, kabla ya kupandisha chochote andika grep -rE 'eth[0-9]' /etc uone jina la zamani limejificha wapi. Kisha ipe kila kadi jina lako mwenyewe kwa faili la .link ndani ya /etc/systemd/network, ukiifunga kwa anwani yake ya MAC, namba ya kadi yenyewe. Usirudie eth0, litagombana na keneli. Mimi zangu naziita "nje" na "ndani". Badilisha majina kwenye kila faili ulilolikuta, endesha update-initramfs -u ili mabadiliko yaingie kwenye faili la kuwashia mfumo, uwashe upya kwanza kwenye toleo la zamani. Soma maelezo ya toleo, yasome yote. Na pale kwenye seva awepo mtu mwenye skrini na kibodi, simu yake iko wazi, kabla hujagusa reboot.

Kijana wa Wete nimemwelekeza hivyo hivyo. Yeye bahati yake seva ipo chumba cha pili.