Zafarani ni ghali, mbona wakulima wake wanaiacha?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni mpishi wa harusi. Kila ninaponunua zafarani ya Kashmir kwa ajili ya biriani, bei yake inanitoa jasho. Juzi mteja mmoja ameniambia kwamba huko Pampore, mji inakolimwa, watu wanaing'oa na kupanda matufaha. Kitu cha thamani namna hii wanakiachaje? Na nitaijuaje iliyo halisi? – Mpishi wa Harusi

JIBU: Marahaba mwanangu. Umenigusa, maana Pampore nimekaa, Oktoba na Novemba nzima, mume wangu alipokuwa akisoma Srinagar, upande wa Kashmir ulio chini ya India. Ni mwendo usiofika kilomita 20. Tulipanga chumba kwa bibi mmoja mjane mwenye kanal 6 za zafarani. Kanal 8 ndizo eka moja, kwa hiyo ujue hapo hatuzungumzii shamba la tajiri. Kila mzee akifariki, kipande kinagawanywa tena kwa watoto.

Zafarani wenyewe wanaiita kong. Ua lake la zambarau huchanua karibu na ardhi kabisa, na lazima lichumwe asubuhi hiyo hiyo kabla jua halijalilegeza. Tulikuwa tukitoka gizagiza, umande umeganda kwenye majani, bibi amevaa pheran, lile joho lao pana, na ndani yake amekumbatia kangri, chungu kidogo cha makaa kilichovikwa kikapu. Unachuma umeinama mpaka kiuno kinakataa kunyooka. Jioni kazi inahamia ndani: maua yanamwagwa kwenye shuka, nyumba nzima mnalizunguka, watoto kwa wazee, na kila ua unalifungua kwa kucha na kunyofoa nyuzi tatu nyekundu. Tatu tu. Kilo moja kavu inataka maua kama 150,000. Usiku wa kwanza nilichambua mpaka ncha za vidole zikageuka manjano, kisha nikatazama kisahani changu: hata kijiko cha chai hakikujaa. Na zilikuwa bado mbichi. Zikikauka, uzito unabaki kama moja ya tano.

Sasa piga hesabu. Msimu ule bibi alipata gramu 400 na kidogo. Ukisikia kilo inauzwa kwa laki na laki za rupia, kumbuka kwamba yeye hakufikisha hata nusu kilo, na zao hilo huja mara moja kwa mwaka, wiki chache tu. Nyumba ile ilisimama kwa mshahara wa mwanawe wa ualimu, mpunga wa bondeni, na sindano ya mkwewe aliyekuwa akidarizi shali kando ya dirisha mpaka mwanga unaisha. Yule mkwe namkumbuka sana. Mikono yake haikupumzika hata mara moja.

Kinachowamaliza ni mvua. Mashamba yako juu ya karewa, nyanda zilizoinuka ambazo maji ya mto hayazifikii. Tunguu za zafarani, yaani vile vichwa vya ardhini mfano wa kitunguu ambavyo huota kila mwaka, zinaamshwa na mvua ya Agosti na Septemba. Ikikosekana hiyo, Oktoba maua ni ya kutafuta. Mwaka 2010 ulianzishwa mpango wa taifa wa kufufua zao hili, wa kupanda tunguu mpya na kuchimba visima vya umwagiliaji, lakini wakulima niliowajua bado walikuwa wakitazama mawingu. Usiku nungunungu hufukua tunguu na kuzila. Pembezoni nyumba zinajengwa, na watu wanalalamikia vumbi la viwanda vya saruji vya jirani kutua kwenye maua. Katikati ya miaka ya 1990 Kashmir ilikuwa na zaidi ya hekta 5,000 za zafarani. Kufika 2010 zilibaki kama 3,700.

Ndiyo maana mwana wa bibi aling'oa kanal 2 akapanda matufaha. Mama yake hakusema naye siku tatu. Mimi simlaumu kijana, ana watoto wa kusomesha. Ila matufaha nayo yana roho mkononi: barabara ya kwenda Jammu, mji wa kusini inakopitishwa mizigo, ikifungwa na maporomoko, malori hukwama na mzigo huozea njiani.

Kuhusu kuitambua: usinunue ya unga hata siku moja, nunua nyuzi. Mongra ni ile iliyokatwa ncha nyekundu tupu. Lacha ina kikia cha manjano, na bei yake iwe chini. Tangu 2020 zafarani ya Kashmir ina alama rasmi ya asili yake, muulize muuzaji. Nyingi duniani inatoka Iran, nayo si mbaya, ubaya ni kuuziwa kwa jina la Kashmir. Nyumbani, tia nyuzi mbili kwenye maji vuguvugu usubiri. Ya kweli hutoa rangi ya manjano polepole na uzi unabaki mwekundu. Ya rangi hutoa wekundu papo hapo na uzi unapauka.

Na ukiipata safi, usiitupe kwenye mafuta ya moto. Isage kidogo, iroweke kwenye maziwa vuguvugu nusu saa, ndipo uimwagie juu ya wali. Hivyo ndivyo bibi alivyonionyesha.