Samoni anakufaje kwenye maji ya nyuzi 21?

Mkuu, umeuliza kutoka Mwanza: inakuwaje samoni afe kwenye maji ya nyuzi 21 wakati sato wako kizimbani wanadunda kwenye 26? Nilijiuliza hivyohivyo mwaka wangu wa kwanza huku. Mimi ni wa Ukerewe, nimekulia kwenye samaki, na sasa nina misimu sita kwenye kituo cha kuzalisha vifaranga vya samoni, jimbo la Washington, kwenye tawi mojawapo la mto Columbia.

Sisi maji ya mto tunayaita maji baridi hata yakiwa vuguvugu. Kwa samoni inabidi yawe baridi kwelikweli. Akishatoka baharini kupanda mto kwenda kutaga, anaacha kula kabisa. Mafuta aliyokuja nayo ndiyo ya safari nzima, na wale sockeye, aina mojawapo ya samoni, wanaokwenda ziwa Redfish Lake kule Idaho safari yao inazidi kilomita 1,400, tena ya kupanda mlima. Maji yakipata joto, mafuta yanaungua upesi. Hapohapo oksijeni inapungua: lita moja ya maji ya mto kwa nyuzi 10 inabeba kama miligramu 11, kwa nyuzi 20 ni kama 9. Mahitaji yanapanda, akiba inashuka.

Kinachonishangaza hadi leo ni moyo wake. Sehemu kubwa ya moyo wa samoni ni kama sifongo, na inapata oksijeni kutoka kwenye damu iliyokwisha kuzunguka mwili mzima. Yaani moyo unakula makombo. Misuli ikikaza dhidi ya mkondo inakomba karibu yote, moyo unaletewa sahani tupu. Na kwenye joto ulikuwa umeshafika karibu na kikomo cha mapigo yake. Ukisukumwa tena, unaanza kuruka mapigo.

Sasa weka mshtuko juu ya hapo: ndoana, wavu, mkono wa mtu. Adrenalini inamwagika palepale, kotisoli, homoni ya mfadhaiko, inafuata baada ya dakika kadhaa. Sukari inapanda kwenye damu. Matamvua yanafunguka kutafuta oksijeni, na chumvi za mwili zinavuja kupitia hukohuko. Kotisoli ikikaa juu muda mrefu, kinga inalala. Bakteria wa kolumnarisi, ambao wanapenda joto, wanaanza kula matamvua, na kuvu wanashika popote ute ulipotoka.

Nikupe langu. Agosti moja mtego wa kwenye ngazi ya samaki, yaani njia ya vidato wanayopandia kizuizi cha mto, ulijaa. Saa tisa alasiri, kipimajoto kinasoma 20.5. Kazi ilikuwa kuwafunga lebo na kuwaachia. Msimamizi wa zamu akasema tumalize, nami sikubisha, nilitaka kurudi nyumbani. Kulikuwa na jike mmoja wa chinook, aina nyingine ya samoni, kilo nane hivi. Lebo ikagoma kuingia, nikawa nimemshika mkiani nje ya maji. Haikufika dakika. Tukamrudisha, akasimama kidogo kwenye mkondo, akapiga mkia akaenda. Nikaandika kwenye daftari: ameondoka vizuri.

Siku ya nne nikamkuta chini ya kituo, amenasa kwenye mizizi. Lebo ileile. Kuvu mweupe kama pamba umemzunguka mkiani, pale pale vidole vyangu viliposhika. Tumbo bado limejaa mayai.

Ndiyo maana wanaosema "nilimwachia akaogelea" siwaelewi siku hizi. Kuna jaribio la 1992 kwa trauti, binamu wa samoni, haohao waliopandikizwa mito ya Mlima Kenya. Waliochoshwa tu, 12 kwa mia walikufa ndani ya saa 12. Waliochoshwa kisha wakawekwa hewani sekunde 30, 38 kwa mia. Dakika moja, 72. Na watafiti wa mto Fraser, Kanada, wameona kwamba kwenye joto majike ndio wanaokufa zaidi. Wao ndio wenye mayai, sasa piga hesabu.

Joto likizidi, hata mkono wa mtu hauhitajiki. Mwaka 2015 theluji ilikuwa haba milimani na Juni ilikuwa ya moto. Sockeye zaidi ya 500,000 walipita bwawa la Bonneville kwenye mto Columbia, na takriban nusu yao walikufa mtoni kabla ya kutaga. Wengine walijazana kwenye midomo ya vijito vya baridi, migongo ina vidonda, hawaendi mbele wala nyuma. Siku hizi kila Julai na Agosti wanafungulia maji ya vilindini kutoka bwawa la Dworshak ili kupoza mto Snake, tawi la Columbia. Inasaidia kipande cha mto, si mto wote.

Sisi kituoni sasa tunashika samaki alfajiri tu, mikono imelowa, na lebo anafungwa akiwa ndani ya maji.

Sato wako ni wa maji ya moto, kipimo chake kingine, lakini kotisoli anayo vilevile. Siku ya kuwachambua kwa ukubwa usiwalishe kwanza, na usianze alfajiri kama sisi, maana ziwani oksijeni huwa chini saa hizo. Subiri jua lipande kidogo. Halafu hesabu waliokufa siku ya tano, sio jioni ileile.