Shangazi, anayeigiza muuaji kwani ameua?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi ni mwigizaji chipukizi. Nimepata nafasi kubwa ya kwanza maishani: dada aliyepooza miguu kwa ajali, anayetumia kiti mwendo. Mimi natembea. Nimejifua na kiti wiki mbili hadi viganja vimechubuka. Rafiki yangu, ambaye yeye hasa ni mtu wa kiti, amesikia na amenuna, hata simu hapokei. Nilimwambia uigizaji ndio huo, anayeigiza muuaji kwani ameua? Mwisho wa hadithi dada huyu anasimama siku ya harusi yake, ukumbi mzima unalia. Nimekosa wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hongera kwa nafasi, na pole ya viganja. Mimi nina miaka 19 kwenye kiti mwendo, kwa hiyo usitarajie nitakuwa refa.

Hoja ya muuaji naijua. Tatizo lake ni kwamba wauaji hawajapanga foleni mlangoni wakiomba nafasi ya kuigiza uuaji. Sisi tumepanga. Niliwahi kuitwa kwenye usaili uliokuwa ghorofa ya pili, lifti hakuna. Nikasomeshwa mistari kwenye maegesho, magari yakirudi nyuma yakinipigia honi katikati ya kilio changu. Nafasi ilienda kwa mwenye kupanda ngazi.

Tazama hata tuzo za Oscar. Harold Russell, askari aliyepoteza mikono yote miwili kwa mlipuko mazoezini, aliigiza kwenye The Best Years of Our Lives ya mwaka 1946 na akapewa tuzo mbili kwa nafasi hiyo hiyo moja. Marlee Matlin, kiziwi, alishinda 1987 akiwa na miaka 21. Kiziwi wa pili kushinda kwa uigizaji, Troy Kotsur, alikuja 2022. Piga hesabu hapo katikati. Ndani ya miaka hiyo Daniel Day-Lewis, Al Pacino, Jamie Foxx na Eddie Redmayne walichukua zao kwa kuigiza walemavu, kisha wakarudi nyumbani na afya zao. Sina ugomvi nao, wameigiza vizuri. Ila mlango huo kwetu ni mzito, kwao mwepesi.

Hilo la haki huenda umeshalisikia kwa rafiki yako. Ambalo pengine hakukuambia ni kwamba mnakosea, na sisi tunaona dakika ya kwanza. Mwigizaji hushika ringi ya gurudumu kwa juu, akasukuma vifupi vifupi kama anayefuta vumbi mezani. Mtu wa kiti huanzia nyuma ya nyonga, akasukuma kwa mkono mrefu, akaachia, kiti kikateleza chenyewe. Halafu viatu! Vyangu nina navyo mwaka wa sita na kibandiko cha dukani bado kiko chini ya soli. Kinachochakaa kwangu ni mikono ya nguo, imejaa weusi wa tairi. Kwenye filamu ni kinyume: soli imelika, shati jeupe pe.

Viziwi ndio huonewa zaidi. Mhusika kiziwi anasoma midomo ya mtu aliye gizani, tena kwa ubavu. Nenda kwenye kioo useme bila sauti: baba, mama, papa. Umeona? Midomo haibadiliki. Na mpiga picha anavyopenda nyuso, anaikata mikono inayozungumza ikabaki nje ya picha. Ni sawa na kumziba mtu mdomo katikati ya sentensi. Filamu ya Kifaransa La Famille Bélier, ya 2014, iliwapa wanaosikia nafasi za baba na mama viziwi. Ilipotengenezwa upya Marekani kwa jina la CODA, mwaka 2021, wazazi wakawa Kotsur na Matlin wenyewe. Hiyo ndiyo iliyotwaa Oscar ya filamu bora.

Sasa hiyo harusi. Nadhani hiyo ndiyo iliyomnunisha mwenzio kuliko hata nafasi. Kwenye filamu sisi tuna njia mbili za kutokea: tupone au tufe. Mwaka 2016 walemavu waliipinga hadharani Me Before You, ambamo kijana aliyepooza anachagua kufa ingawa ana pesa na anapendwa. Sikuambii ukatae kazi, kodi ya nyumba hailipwi kwa hasira za shangazi. Mfuate rafiki yako nyumbani, usianze kwa kujitetea. Mpe mswada ausome, na umwombe mwongozaji amchukue kama mshauri, kwa malipo ya mshauri, si kwa asante. Mwongozaji akikataa hata hilo, utakuwa umeshajua filamu hiyo anatengenezewa nani.

Muulize pia mwongozaji: bibi harusi akibaki amekaa, hadithi inapungukiwa nini? Mimi kwenye harusi yangu nilifungua muziki nikiwa kwenye kiti. Mume wangu nilimkanyaga vidole mara mbili, na kwenye video anasikika waziwazi. Ukumbi mzima hakuna aliyelia ila yeye.