Jibu: Kwa nini vijana wa Myanmar walishika silaha

Ndugu, umeuliza kwa nini vijana wa Myanmar waliacha maandamano wakashika bunduki. Hawakuanza na bunduki. Jeshi lilipopindua serikali Februari 1, 2021, walimu na madaktari waligoma, na usiku watu walipiga masufuria madirishani kupinga mapinduzi. Jenerali Min Aung Hlaing, mkuu wa jeshi aliyeongoza mapinduzi hayo, aliwajibu kwa risasi. Ndipo wengi walipokimbilia misituni kwa makundi yenye silaha ya Wakareni na Wakachini, makabila madogo ya nchi hiyo, yaliyopigana na jeshi hilo kwa miongo mingi, wakafunzwa vita.

Wanaoniuma zaidi ni wanavijiji. Tangu miaka ya 1960 jeshi lina mbinu ya "mikato minne": kuwakatia waasi chakula, fedha, habari na askari wapya. Kwa vitendo, ni kuchoma vijiji. Huko Pazigyi, mkoani Sagaing, Aprili 11, 2023, ndege za jeshi zilishambulia mkusanyiko zikaua watu zaidi ya 150, watoto wakiwemo.

Warohingya, Waislamu walio wachache nchini humo, waliyaonja hayo mapema. Mwaka 2017 zaidi ya 700,000 walikimbilia Bangladesh, na wananchi wenzao wengi walinyamaza au hata kulitetea jeshi. Baada ya mapinduzi, baadhi ya wananchi hao waliwaomba Warohingya radhi hadharani.