Kompyuta nafuu ya kuhariri video: anza na kamera yako, usianze na kibandiko cha i7

Mwambie muuzaji wa Kariakoo, Dar es Salaam, au wa Luthuli, Nairobi, kwamba unatafuta mashine ya kuediti video, na jibu la kwanza litakuwa "chukua Core i7". Ushauri huo umekula hela za watu wengi. Laptopu yenye prosesa (ubongo wa kompyuta) ya i7-7500U ina kori mbili tu, yaani vitengo viwili vinavyofanya kazi kwa pamoja. Yenye i5-8250U, ambayo kwa kibandiko inaonekana mdogo wake, ina kori nne, na kwenye kurenda, yaani kutoa faili la mwisho la video, itamwacha huyo kaka mbali. Zote mbili zinatoka makontena yaleyale ya mtumba wa maofisi ya Ulaya, na mara nyingi i7 ya zamani ndiyo inayotajiwa bei kubwa kwa sababu ya jina.

Kwa hiyo soma namba yote, usiishie kwenye i5 au i7. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni kizazi: 8250U ni kizazi cha 8, 4600U ni cha 4. Namba ikianza na 1, soma mbili za mwanzo: 1135G7 ni kizazi cha 11, 10400 ni cha 10. Herufi ya mwishoni nayo inasema jambo. U ni ya laptopu nyembamba inayobana umeme, H ni ya laptopu yenye nguvu, T ni ya mezani iliyopunguzwa nguvu, na F maana yake prosesa haina grafiki ya ndani, yaani kipande cha kushughulikia picha kilichomo humohumo. Hiyo F iogope kwa kazi ya video. Sababu inakuja.

Kwanza jua kamera yako inatoa nini

Watu wengi hununua kompyuta kisha wanashangaa klipu za simu zinastaki huku za kamera kubwa ya zamani zinapita vizuri. Ukubwa wa picha ni sehemu tu ya tatizo. Kubwa zaidi ni kodeki, yaani namna video ilivyobanwa ndani ya faili. H.264 imekuwepo muda mrefu na karibu kila mashine inaifungua. H.265, ambayo pia huitwa HEVC, inabana zaidi, faili linakuwa dogo, lakini kazi ya kulifungua ni kubwa. iPhone kuanzia 7, ikiwa na iOS 11 ya mwaka 2017, inaweza kurekodi HEVC, na kuanzia iPhone 12 inarekodi hata HDR (picha yenye mwanga na kivuli kipana zaidi) ya biti 10, yaani yenye ngazi nyingi za rangi kuliko biti 8. Simu nyingi za Android za daraja la juu nazo zina kitufe hicho.

Prosesa za Intel zenye grafiki ya ndani zina kipande maalumu cha kufungua video, kinaitwa Quick Sync. Kizazi cha 6 kinafungua HEVC ya biti 8 peke yake. Kizazi cha 7 kiliongeza biti 10. Kizazi cha 8 kilibaki na uwezo uleule wa video lakini kwenye laptopu za kawaida za i5 na i7 kori zikapanda kutoka mbili hadi nne, na kwenye i5 na i7 za mezani kutoka nne hadi sita. Ndiyo maana tunachora mstari hapo: kizazi cha 8 kwenda juu. Kuna sababu ya pili. Microsoft ilifunga msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inaanzia rasmi kizazi cha 8, isipokuwa mashine chache sana. Ukiuziwa kizazi cha 6 chenye Windows 11 iliyolazimishwa, itawaka na itafanya kazi, ila masasisho makubwa yanaweza kuanza kukusumbua.

Wenye kamera za kisasa wana mtego wao. Sony A7S III, A7 IV, FX3, na Canon R5 au R6 zikiwekwa kwenye Log (picha iliyofifishwa makusudi ili ipakwe rangi baadaye), zinaweza kurekodi biti 10 ya 4:2:2, inayohifadhi rangi nyingi kuliko 4:2:0 ya kawaida. Kizazi cha 8 hakifungui HEVC ya namna hiyo kwa Quick Sync, na kadi za grafiki za Nvidia hazikuifungua hadi RTX 50. Kwa mashine ya mezani unahitaji Intel ya kizazi cha 11 au zaidi yenye grafiki ya ndani, na hapo ndipo ile F inapokugharimu: mtu ananunua i5-12400F na kadi nzuri ya Nvidia, halafu klipu za harusi zinatambaa, wakati jirani mwenye i5-12400 tupu anakata bila shida. Angalia pia kwamba Quick Sync ya vizazi hivi inapokea 4:2:2 ya HEVC, lakini ile ya H.264 haiipokei. Kwenye Sony maana yake ni kuchagua XAVC HS (ya HEVC) badala ya XAVC S (ya H.264). Na hapo kuna kero: A7S III ikiwa kwenye PAL (mfumo wa fremu 25 au 50 kwa sekunde), XAVC HS ya 4K haina fremu 25, ina 50 na 100. Anayeshuti kwa 25 abaki kwenye XAVC S na atengeneze proksi, yaani nakala nyepesi za kuhaririwa, au ashuti 4:2:0.

Kama kamera yako ni simu, kabla ya kuongeza bajeti jaribu jambo la bure. Kwenye iPhone ingia Settings, Camera, Formats, weka Most Compatible. Simu itarekodi H.264. Gharama yake ni nafasi: dakika moja ya 4K kwa fremu 30 ni kama MB 170 kwa HEVC na kama MB 350 kwa H.264. Jambo jingine la simu ni fremu zisizo na mwendo mmoja. Simu hupunguza na kuongeza fremu kulingana na mwanga, na sauti inaanza kuachana na midomo kadiri klipu inavyorefuka. Hapo kompyuta haina kosa. Pitisha klipu kwenye programu ya HandBrake, chagua Constant Framerate, kisha ndiyo uingize kwenye programu ya kuhariri.

Ya mezani au laptopu

Kwa fedha ileile, ya mezani inashinda, tena kwa mbali. Dell OptiPlex 5060 au 7060, HP EliteDesk 800 G4 na Lenovo ThinkCentre M720 zenye i5-8500 zina kori sita, zinapoa vizuri, na RAM (kumbukumbu ya kazi) unaongeza mwenyewe. Ziko za maumbo matatu, na umbo lina maana kuliko jina. Ile ndogo kama kitabu, Micro kwa Dell, Mini kwa HP na Tiny kwa Lenovo, mara nyingi ina prosesa ya T na haina nafasi ya kadi ya grafiki ya kawaida. Ya kati, SFF, ina nafasi ya kadi fupi. Mnara ndio wenye nafasi zaidi, lakini pawasaplai yake mara nyingi ni ya kiwanda chenyewe, waya zake si za kawaida, hivyo usidhani utabadilisha na yoyote ya dukani.

Kwenye SFF tafuta kadi isiyohitaji waya wa ziada wa umeme, kwa kuwa sloti yenyewe inatoa wati 75 tu na pawasaplai nyingi za humo ni za wati 180 hadi 260. Quadro P1000, T600 na T1000 zinafaa, na GTX 1650 ya umbo fupi pia. Hizo Quadro na T zina matundu ya mini DisplayPort, kwa hiyo nunua na adapta yake siku hiyohiyo. Uliza pia kama kibati kifupi cha kufungia kadi kipo. Bila hicho kadi haikai ndani ya kasha. Kabla ya kulipa fungua GPU-Z, programu ya kutambua kadi. Kuna kadi za zamani zilizobadilishwa programu ya ndani zijitambulishe kama GTX 1050 Ti, na nyingi za namna hiyo GPU-Z huziandikia FAKE palepale.

Je, kadi ni lazima? Kwa programu za kuhariri kama Premiere, Kdenlive, Shotcut au CapCut na picha za 1080, hapana. Anza bila kadi, RAM kwanza. Kwa DaVinci Resolve, ndiyo. Resolve inaegemea kadi kwa karibu kila kitu, na ukiwa na kumbukumbu ya grafiki ya GB 2 utakutana na ujumbe wa kumbukumbu kujaa mara tu unapoweka rangi na kupunguza chengachenga. GB 4 zinatosha kwa mradi wa 1080. Na usiiweke Resolve ya bure kwenye Linux ukitegemea kufungua klipu za simu: toleo hilo halisomi H.264 wala H.265.

Laptopu inunue kama kweli unahama nayo, au kama umeme wa mtaani kwako unakatika kila mara. ThinkPad T480, Latitude 7490 na EliteBook 840 G5 mara nyingi ni za kizazi cha 8 (chache zina cha 7, soma namba) na zina sloti mbili za RAM. T480s na T490 zina RAM moja iliyochomelewa na sloti moja. X280 na X1 Carbon zimechomelewa yote, kwa hiyo GB 8 utakayonunua ndiyo utakayozeeka nayo. Udhaifu wa kundi hili ni kioo. Nyingi ziliagizwa na maofisi kwa ajili ya barua na hesabu, rangi zake zimefifia, na ukipaka rangi ya ngozi kwa kuitazama humo, bwana harusi atatoka mwekundu kwenye televisheni ya ukumbini. Epuka za 1366 kwa 768, na ukiwa nyumbani chomeka kioo cha nje cha IPS, aina yenye rangi za kuaminika.

MacBook Air ya M1 ya mwishoni mwa 2020 ni mshindani wa kweli hata ikiwa na GB 8. Inafungua HEVC ya 4:2:2, haina feni, na betri yake inadumu. MacBook za Intel za kabla yake tunaziacha. Hakikisha tu akaunti ya iCloud ya mmiliki wa kwanza imeondolewa na mashine haijafungwa na kampuni, kisha ifutwe na kuandaliwa upya mbele ya muuzaji hadi ifike ukurasa wa mwanzo ikiwa na intaneti.

RAM na diski

GB 16, na ziwe vijiti viwili vya 8. Grafiki ya ndani haina kumbukumbu yake, inaazima RAM, na kijiti kimoja kinaipa njia moja ya kupita badala ya mbili. Wauzaji wengi huweka kijiti kimoja kwa sababu ni rahisi kuongeza baadaye, omba kibadilishwe. GB 32 ni za 4K yenye tabaka nyingi au After Effects.

Kwenye diski piga hesabu ya kazi yako. Kamera inayorekodi megabiti 100 kwa sekunde inakula GB 45 kwa saa. Harusi yenye kamera mbili, saa tano kila moja, ni GB 450 kabla hujakata hata kipande kimoja. SSD (diski ya haraka isiyozunguka) ya GB 256 iliyokuja na mashine iachie Windows na programu. Ongeza SSD ya TB 1 kwa mradi ulio mezani, na HDD kubwa ya kuzunguka kwa kuhifadhia kazi zilizokwisha. Kuhariri 4K moja kwa moja kutoka HDD kunawezekana kwa kamera moja, lakini ukifungua kamera mbili au tatu kwa pamoja kichwa cha diski kinaanza kurukaruka na picha inakwama. SSD mpya za bei ya ajabu zipime kwa H2testw: inajaza diski yote kisha inasoma tena, na ile iliyodanganywa ukubwa hujulikana hapo.

Dukani

Nenda na flashi yenye klipu zako mwenyewe na programu unayotumia, au angalau Shotcut, ambayo ni ya bure. Cheza klipu huku Task Manager iko wazi kwenye GPU. Grafu ya Video Decode ikipanda na CPU ikatulia, Quick Sync inafanya kazi. CPU ikigonga asilimia 100 na Video Decode iko sifuri, jaribu kwanza kuweka draiva ya Intel, programu inayoiendesha grafiki. Mara nyingi Windows imewekwa haraka bila draiva.

Kisha renda kwa dakika 15 mfululizo. Muuzaji atachoka, mvumilie. i5-8250U ina mwendo wa msingi wa GHz 1.6; ikishuka chini ya hapo kwa sababu ya joto, feni imejaa vumbi au gundi ya joto imekauka, jambo ambalo fundi analimaliza kwa bei ndogo na wewe unalitumia kuomba punguzo. Ikiganda kwenye GHz 0.4 hadi 0.8 tangu mwanzo, tazama chaja. Dell na HP huibana prosesa zisipoitambua chaja, na chaja za kuiga zimejaa sokoni. Kwenye Command Prompt andika powercfg /batteryreport ulinganishe uwezo wa betri wa kiwandani na wa sasa. Ingia BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine) kuona kama imefungwa kwa nywila. CrystalDiskInfo itakuambia diski imetumika kiasi gani.

Ukichukua ya mezani, tenga fedha ya UPS, betri ya akiba ya umeme, kabla hujalipa mashine. Ya VA 650 inaibeba SFF na kioo kwa dakika chache, muda wa kuhifadhi mradi na kuzima. Stabilaiza pekee haikusaidii umeme ukikatika katikati ya kurenda. Na kama mashine imetoka Marekani, geuza nyuma uangalie pawasaplai: ikiwa na swichi nyekundu ya 115 na 230, isogeze kwenye 230 kabla ya kuchomeka.